Shajara ya mradi wa sidiria za mazoezi: kutoka vipimo hadi uwanjani

Lengo

Kikundi cha mazoezi ya asubuhi hapa Dar es Salaam kimechanganya watu: wapo wakimbiaji, wachezaji wa netiboli, wa zumba, wanaonyanyua vyuma, na wanaokuja kunyoosha viungo tu. Mradi una kazi moja. Kila mwanamke apate sidiria inayomtosha, inayoyashika matiti na isiyomchubua, kwa mazoezi anayoyafanya yeye. Tunaandika kila hatua, kilichokwama na sababu yake, ili kikundi kingine kisianzie sifuri.

Titi halina msuli ndani yake. Linashikiliwa na ngozi pamoja na nyuzi nyembamba ziitwazo kano za Cooper, kwa jina la Astley Cooper, daktari wa upasuaji wa Uingereza wa karne ya 19. Mtu akikimbia, titi haliendi juu na chini peke yake. Linakwenda pembeni, mbele na nyuma pia, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth nchini Uingereza wameonyesha kuwa njia yake hufanana na umbo la namba nane. Kwa hiyo kitambaa kinachobana kifua kwa mbele tu kinazuia sehemu ya mwendo huo, si wote. Hili lazima lieleweke kabla ya kutoa pesa.

Sidiria ya michezo yenyewe si kitu cha zamani. Ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1977 huko Vermont, Marekani, na Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller, kwa kushonea pamoja nguo mbili za wanaume za kukinga sehemu za siri michezoni. Kamba zilipishana mgongoni na mishono ikageuzwa nje ili isiguse ngozi. Mambo hayo mawili bado ndiyo tunayoyakagua leo.

Vipimo

Vipimo viwili vinatosha kuanzia. Tumia futi laini ya fundi, soma kwa sentimita.

Cha kwanza ni mzunguko wa mbavu, chini kabisa ya matiti. Mpimwaji anasimama wima, anatoa pumzi yote, na futi inapita usawa mmoja mbele na nyuma, imeshika mwili bila kulegea. Mpimaji azunguke nyuma aangalie, kwa sababu futi ikipanda mgongoni hata kidogo kipimo kinakuwa cha uongo. Cha pili ni mzunguko wa kifua pale matiti yalipojaa zaidi, mpimwaji akiwa na sidiria nyepesi isiyo na sponji, futi ikigusa bila kubonyeza. Mwenye matiti makubwa au yaliyoshuka apimwe cha pili akiwa ameinama mpaka mgongo ulale sawa na sakafu. Akipimwa amesimama, nyama ya chini haihesabiwi na kikombe, yaani sehemu inayobeba titi, kinatoka kidogo kuliko anachohitaji.

Mfano: mbavu 79, kifua 96. Namba za mkanda, ule utepe wa chini unaozunguka mbavu, kwa Ulaya hupanda kwa tano, na kila namba inachukua mbavu zilizo karibu nayo: 75 ni ya mbavu za sentimita 73 hadi 77, 80 ni ya 78 hadi 82. Huyu ni 80. Tofauti ya kifua na mbavu ni 17. Tofauti ya 12 hadi 14 ni kikombe A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, 18 hadi 20 ni D, 20 hadi 22 ni E. Basi huyu ni 80C.

Kilichokwama hapa ni mazoea. Ipo desturi ya zamani ya kuongeza inchi nne au tano juu ya kipimo cha mbavu ili kupata namba ya mkanda, na wauzaji wengi bado wanaifuata. Mwenye mbavu za 79 anaishia kuvalishwa 90. Mkanda unalegea na kupanda mgongoni, uzito wote unahamia mabegani, naye anakaza kamba mpaka zinaacha alama. Akilalamika anaambiwa achukue kubwa zaidi, ndipo hali inazidi kuharibika. Mkanda wa chini ndio unaobeba, kamba za mabegani zinasaidia tu. Mwenye kamba zinazomkata bega, mara nyingi tatizo lake liko kwenye mbavu.

Waliopimwa siku chache kabla ya hedhi wamewekewa alama, watapimwa tena baada ya siku zao. Matiti hujaa kipindi hicho, na aliyekuwa C anaweza kusoma D.

Lebo

Sehemu hii imekula muda, kwa kuwa duka moja linaweza kuwa na mzigo wa Uchina, wa Uturuki na wa Uingereza kwenye rafu moja. Mkanda wa 80 wa Ulaya ni 36 wa Uingereza na Marekani, na ni 95 wa Ufaransa. Kutoka 75 hadi 80 ni sawa na kutoka 34 hadi 36, na Ufaransa inaongeza 15 juu ya namba ya Ulaya. Vikombe vya A hadi D havisumbui. Shida inaanza juu ya D: E ya Ulaya ni DD ya Uingereza, F ya Ulaya ni E ya Uingereza, na F hiyo ya Ulaya huandikwa DDD au F kule Marekani. Aliyeambiwa avae F asiagize mpaka aulize ni F ya wapi.

Kuna ukubwa wa jirani pia. Sidiria za 75D, 80C na 85B zina vikombe vya ujazo unaolingana, zinatofautiana mkanda. Mtu akivaa 80C na mkanda ukalegea, ashuke 75 na herufi ipande iwe D. Akichukua 75C kikombe nacho kinapungua, titi linafurika kwa juu, halafu anasema sidiria za michezo hazimfai.

Zile za S, M, L hazina kipimo cha kikombe hata kidogo. Kwa mwenye A au B zinaweza kutosha. Kuanzia C kwenda juu, na hasa kwa mwenye mbavu nyembamba na matiti makubwa, L inamtosha kifuani na kumlegea mbavuni, M inamtosha mbavuni na kumbonyeza kifuani. Tumeamua mwenye D na kuendelea asinunuliwe ya S, M, L kwa ajili ya kukimbia.

Aina tatu

Ya kubana ni kipande kimoja kinachoyasukuma matiti yote kwenye kifua. Ni nyepesi na ya bei nafuu, inamfaa mwenye matiti madogo au mwenye mazoezi ya taratibu. Ya vikombe inashika kila titi peke yake, kila moja ndani ya nyumba yake, na hiyo ndiyo inayozuia mwendo wa pembeni. Ya tatu inaunganisha zote mbili: vikombe ndani, kitambaa cha kubana nje. Kwa mwenye D na zaidi anayekimbia au kuruka, tafuta hiyo ya tatu kabla ya zingine.

Maneno ya lebo kama "ushikaji wa juu" hayana kipimo kimoja kinachofuatwa na viwanda vyote. Geuza sidiria ndani nje uangalie kama kuna vikombe viwili vilivyoshonwa kweli au ni mstari wa mapambo tu.

Ununuzi

Mitumba imetoka kwenye mradi. Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, sidiria zikiwemo, kwa sababu za afya. Kuna sababu ya ufundi pia, nayo tunaipa uzito uleule: uhai wa sidiria ya michezo ni lastiki na nyuzi za kuvutika ziitwazo spandeksi, na hivyo ndivyo vinavyokufa mwanzo. Mtumba unaweza kung'aa kama mpya huku mkanda wake umechoka tangu ulipotoka kwa mwenyewe.

Kwa mpya, maduka ya Kariakoo yana mzigo wa kutosha, ila ukaguzi ni wa mnunuzi. Shika mkanda kwa vidole viwili penye sentimita 10, uvute ufike 15, uachie. Urudi kwenye 10 papo hapo. Ukirudi taratibu, au ukibaki na mawimbi, uache. Halafu vuta kamba ya bega kwa urefu: kwa sidiria ya kukimbia inyooke kidogo sana. Kamba inayovutika kama mpira wa manati inaruhusu titi lipande na kushuka hata kama mkanda ni mzuri. Mwisho vuta kitambaa cha mbele, kwanza kwa upana, kisha kutoka juu kwenda chini. Kinatakiwa kivutike zaidi kwa upana, ili mtu apumue, na kivutike kidogo kwa wima, ili matiti yasidunde. Kikikatwa kinyume, sidiria itaonekana nzuri kwenye hanga na kushindwa kwenye hatua za kwanza za mbio.

Kitambaa: nailoni au poliesta yenye spandeksi. Pamba tupu inapendwa kwa ulaini wake, lakini kwa joto la hapa inanyonya jasho na kulihifadhi, inakuwa nzito, na kitambaa kizito chenye maji ndicho kinachochubua. Pamba tumeiacha kwa kutembea na kunyoosha viungo.

Kujaribu kabla ya kulipa

Duka lisiloruhusu kujaribu, au kurudisha, halifai kwa kazi hii. Vaa, inama, ingiza mkono ndani uyavute matiti kutoka kwapani yaingie kikombeni, simama. Wengi wanaruka hatua hii, kisha wanahukumu kikombe wakati nusu ya titi iko nje yake.

Angalia mkanda: usawa mmoja kuzunguka, vidole viwili vinapita chini yake bila kulazimisha, lakini ukiuvuta mbele hautoki zaidi ya sentimita mbili na nusu hivi. Vuta pumzi ndefu. Ukishindwa kuijaza, umebana mno. Nyanyua mikono yote juu kama unayedaka mpira, shusha, rudia. Mkanda ukipanda juu ya mbavu umelegea. Angalia kikombe: kisimwage titi kwa juu wala kwapani, na kisiwe na mikunjo. Kama kuna waya, ulale kwenye mbavu kuzunguka titi lote, usikalie nyama. Vidole viwili chini ya kamba za mabegani.

Kisha ruka. Ruka kwa miguu miwili, kimbia ukiwa palepale nusu dakika, ruka ukitanua mikono na miguu, yote mbele ya kioo na kwa ubavu. Titi na kifua viende pamoja. Kama titi linachelewa, likishuka wakati mwili umeshaanza kupanda, hiyo si sidiria ya mbio, hata kama inabana.

Ya kulabu tatu za nyuma ifungwe kwenye safu ya nje kabisa inapokuwa mpya. Safu za ndani ni akiba ya siku lastiki itakapolegea. Aliyeinunua ikimtosha kwenye safu ya ndani hana pa kukazia tena.

Uwanjani, zoezi kwa zoezi

Hapa ndipo wazo la sidiria moja kwa kila kitu lilipokufa.

Kukimbia kunahitaji ushikaji mkubwa kuliko yote, kwa kuwa mdundo ni uleule maelfu ya mara. Vikombe ndani, kitambaa cha kubana nje, mkanda mpana wa sentimita tatu na zaidi, kamba pana zinazorekebishika. Mishono iwe bapa. Mshono uliosimama hausumbui kilomita za mwanzo, ila kwenye nusu marathoni ya kilomita 21 unaacha kidonda. Waliojiandikisha mbio za Moshi wamepewa sharti: sidiria ya siku ya mbio iwe imeshavaliwa kwenye mazoezi marefu na kufuliwa, isiwe mpya.

Netiboli imetupa kazi kuliko mbio. Mchezaji anadaka juu, anatua, na sheria za hatua zinamlazimu asimame ghafla. Mwili unasimama, matiti yanaendelea mbele. Zaidi ya hapo mikono iko juu muda mwingi, hasa kwa mfungaji, na mikono ikipanda kamba zinauvuta mkanda. Sidiria iliyofaulu kwenye mbio imeshindwa hapa kwa sababu hiyo. Dawa ni mgongo wenye umbo la Y, kamba zikikutana katikati ya mabega, na mkanda unaojitegemea, ulioshonwa peke yake. Zipu ya mbele na waya tumevikataa kwa netiboli, maana kiwiko cha mpinzani kikigonga pale maumivu ni makali.

Zumba na aerobiki mwendo wake ni wa pembeni. Kubana pekee kunayaacha matiti yateleze kuelekea kwapani. Tafuta kitambaa kinachopanda juu ubavuni na vikombe vilivyotengana. Shingo iwe juu, kwa sababu ya kuinama.

Vyuma havidundi sana, ushikaji wa kati unatosha. Mtego wake ni vitu vigumu. Kulabu za nyuma zinachoma unapolala kwenye benchi, na vikaza kamba vya plastiki vilivyokaa juu ya bega vinabanwa na chuma unapochuchumaa nacho. Hapa ya kuvaliwa kwa kupitisha kichwani, isiyo na kulabu, inafaa zaidi. Mwenye maumivu ya shingo aachane na mgongo wa Y, kwani unavuta misuli iliyo kati ya shingo na bega. Achukue wa U, wenye kamba zilizoachana.

Yoga na kunyoosha viungo: ushikaji mdogo, mkanda laini, shingo ya juu kwa mikao ya kichwa chini. Kuvaa ya mbio hapa ni kujinyima pumzi bure.

Kwa hiyo kila mshiriki mwenye mazoezi mchanganyiko amepangiwa mbili: moja ya mdundo, moja ya utulivu. Bei ya mbili za kawaida zilizochaguliwa vizuri mara nyingi inafikika kuliko moja ya jina kubwa, na zote mbili zinadumu zaidi kwa kupokezana. Lastiki iliyovutwa na kulowa inahitaji kupumzika.

Wanaovaa hijabu na fulana pana hawapunguzi ushikaji kwa sababu nguo ya juu inaficha. Tabaka la juu linaongeza joto, basi sidiria yao iwe ya kitambaa chembamba zaidi na chenye matundu mgongoni.

Jambo moja limekatazwa kabisa: kuweka simu kwenye sidiria wakati wa mazoezi. Tunajua mfuko wa siri wa mwanamke uko pale tangu enzi na enzi, na noti iliyokunjwa ndani ya kifuko cha nailoni haina neno. Simu ni habari nyingine. Inaloa jasho, inavuta upande mmoja wa mkanda, na kona zake zinachubua nyama ya titi. Kuna mikanda ya kiunoni.

Kwa fundi

Sidiria nyingine zilikuwa na vikombe vizuri na mkanda mbovu. Hizo zimekwenda kwa fundi badala ya kutupwa.

Kubadilisha mkanda: fumua lastiki ya zamani kwa kifumulio, si kwa wembe, kwani wembe ukikata uzi mmoja wa kitambaa cha kuvutika tundu linakimbia. Kata lastiki mpya ya upana wa sentimita 3 hadi 4, urefu uwe asilimia 85 hadi 90 ya mzunguko wa mbavu. Kwa mbavu za 79 ni sentimita 67 hadi 71. Ongeza mbili za kupandisha ncha. Gawa lastiki mafungu manne kwa chaki, gawa na sidiria vivyo hivyo, banisha alama kwa alama, ndipo ushone ukivuta lastiki tu. Aliyeshona bila kugawa alimaliza lastiki nyuma na kubaki na mikunjo mbele. Kazi hiyo imerudiwa.

Sindano iwe ya vitambaa vya kuvutika, namba 75. Ya kawaida inaruka mishono na kutoboa spandeksi. Uzi wa poliesta. Mshono wa zigizaga, upana milimita 3 hadi 4, urefu kati ya 2.5 na 3. Mshono ulionyooka haufai hata kama unaonekana nadhifu: lastiki ikivutika uzi hauna pa kwenda, unakatika siku ya kwanza. Cherehani isiyo na zigizaga isipewe kazi hii.

Kamba nyembamba zinazokata bega hupanuliwa kwa kushonea chini yake utepe wa sentimita 3 wenye sponji nyembamba, mishono ikae juu, upande wa ngozi ubaki laini. Kamba zinazoteleza mabegani hukusanywa mgongoni kwa kitanzi cha kitambaa chini kidogo ya shingo. Sponji za kuingiza zinazojikunja zikifuliwa zimebanwa kwa mishono miwili ya mkono kila upande.

Kwa mwenye matiti makubwa anayekimbia, kitambaa cha mbele kimeongezewa ndani tabaka la neti ngumu, ule upande wake usiovutika ukisimama wima. Mdundo unapungua waziwazi. Neti ikiwekwa kwa mlalo, inabana pumzi na haizuii chochote.

Lisilowezekana: kuongeza ukubwa wa kikombe. Fundi anaweza kupunguza, kuongeza hawezi. Zenye kikombe kidogo mno zimepewa wenye ukubwa wake kabla hazijavaliwa uwanjani.

Jasho na ngozi

Michubuko imeonekana sehemu tatu zilezile: chini ya mkanda, kwapani, na pale kamba inapokutana na sidiria. Sababu ni unyevu, chumvi ya jasho na msuguano. Vaselini nyembamba ipakwe sehemu hizo kabla ya kutoka, na kwa mbio ndefu iongezwe njiani. Poda haisaidii, ikilowa inakuwa tope. Kama mchubuko unarudi palepale licha ya vaselini, tatizo ni ukubwa: mkanda uliolegea unasugua kuliko uliokaza sawasawa.

Sidiria iliyoloa ivuliwe mara mazoezi yakiisha. Kukaa nayo kwenye daladala mpaka nyumbani kunaleta vipele na fangasi chini ya matiti, hasa kwa wenye matiti yaliyolala juu ya ngozi. Kausha hapo kwa taulo, vaa kavu.

Ganzi ya vidole, uvimbe, majimaji kwenye chuchu, au maumivu ya titi moja yasiyoisha si mambo ya kumalizwa kwa kubadili sidiria. Aende hospitali. Na kwa kuwa suala limeulizwa: hakuna ushahidi kwamba kuvaa sidiria, ya kubana au la, kunaleta saratani ya matiti. Utafiti wa Kituo cha Fred Hutchinson mjini Seattle uliochapishwa mwaka 2014 uliangalia jambo hilo na haukuona uhusiano.

Kufua

Suuza kwa maji ya baridi siku hiyohiyo hata kama hutafua. Chumvi na mafuta ya mwili yakikaukia ndani yanakula spandeksi. Fua kwa mkono ndani ya beseni, sabuni kidogo, kulabu zikiwa zimefungwa ili zisikwaruze kitambaa. Mashine iwe maji yasiyozidi nyuzi 30, ndani ya mfuko wa neti. Kilainisha nguo hapana, maana kinafunika nyuzi zishindwe kupitisha jasho. Klorini hapana kabisa. Usikamue kwa kupinda. Kunja ndani ya taulo ubonyeze. Anika kivulini ukiishikilia kwa mkanda. Ikining'inizwa kwa kamba na maji yake, kamba zinarefuka. Jua kali la mchana linaua lastiki upesi kuliko mazoezi yenyewe. Pasi haigusi.

Ya kustaafu inajitambulisha: imefika safu ya ndani ya kulabu na bado inapanda, mkanda umeweka mawimbi, au mdundo umerudi ukiwa umevaa ileile iliyokuwa ikikushika. Ishushwe iwe ya kutembea.

Hali ilivyo sasa

Wakimbiaji na wa vyuma wamekamilika. Wachezaji wa netiboli wenye E na zaidi bado wanasubiri mzigo wenye mgongo wa Y na mkanda unaojitegemea. Uliopo dukani unaishia D, na kuwapa ya kubana kwa muda tumekataa.

Wanaonyonyesha wameundiwa utaratibu wao. Wananyonyesha au kukamua kabla ya mazoezi, wanavaa ya vikombe vyenye kulabu, si ya kubana, kwa sababu titi lililobanwa likiwa limejaa linaweza kuziba njia za maziwa na kuvimba. Ukubwa wao unabadilika, hivyo wananunuliwa moja moja na kupimwa upya mtoto anapoanza kula na tena anapoachishwa.

Kazi inayofuata ni kurudia vipimo vya wale waliowekewa alama ya hedhi, na kumpelekea fundi lastiki nyeusi ya sentimita 4. Nyeupe aliyonayo inaonekana chini ya fulana za timu.